Nzioka wa Kambare

Mume wangu Nzioka hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo aliyamalizia kwa samaki. Nasema hivi bila uchungu. Tuliishi pamoja mpaka alipofariki mwaka wa tisini na sita, na miaka hiyo yote nilijua kwamba siku nikiumwa na kichwa na kambare wake akikosa raha, mimi nitasubiri.

Alizaliwa hapa hapa Ikutha, katika nyumba ya mbuzi na mtama kama sisi wote. Ujana wake aliumalizia ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kibwezi, akifanya kazi katika genge la reli, kupiga nyundo na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma vya reli. Huko ndiko alikoharibikia, kwa maneno ya mama yangu. Genge lao lilikuwa na watu kutoka Nyanza, na siku za mapumziko watu hao walishuka mtoni na ndoano, wakarudi na samaki mweusi mwenye masharubu, wakampika kwa nyanya, wakala wakilamba vidole. Nzioka aliwatazama mwezi mzima kwa kinyaa. Kisha siku moja unga ulikwisha, akala, na mtu akishaonja kitu kizuri utamfanya nini?

Kwa asiyemjua, kambare ni samaki wa maji matamu, na anaweza kukua akafika urefu wa mtoto wa shule. Kichwa chake ni kipana, kimelala kama kilichokanyagwa, na ngozi yake ni laini, haina gamba hata moja. Ukoo wao ni mkubwa. Wako wa mito, wa maziwa na wa vinamasi, na tabia wanayofanana ni kwamba hawafi upesi. Kambare anavuta hata hewa ya nje. Maji yakipungua anajificha ndani ya tope na kungoja. Mvua kubwa ikinyesha anaweza kutambaa kwenye majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi lingine, na ukimkuta asubuhi katikati ya njia, utapiga nduru kama nilivyopiga mimi.

Sasa fikiria samaki huyo kati ya Wakamba wa wakati ule. Wazee wetu hawakula samaki wa aina yoyote. Kwao samaki alikuwa nyoka aliyejifunza kuogelea. Na huyu wa Nzioka, asiye na magamba, anayeteleza, anayetembea nchi kavu, alikuwa nyoka bila hata kujaribu kuficha.

Tulioana, na mwaka wa sabini na mbili Nzioka akaacha kazi ya reli akarudi nyumbani. Hakurudi na redio wala baiskeli mpya. Alirudi na baiskeli kuukuu na debe limefungwa nyuma, na ndani ya debe, chini ya majani mabichi, kulikuwa na kambare wadogo aliowachota kwenye dimbwi la Athi. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye silanga ya Kwa Mulei, akawamwaga humo.

Silanga ni bwawa la kuchimba kwa mikono, la kukusanya maji ya mvua. Ya Kwa Mulei ilichimbwa na mwethya, yaani kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi, kwa majembe na karai, wakiimba na watoto migongoni. Na kiongozi wa mwethya huo alikuwa mama yangu, Ndinda. Kila mtu alijua silanga ilikuwa ya kijiji, lakini mama aliitazama kama mtu anavyotazama mtoto aliyemzaa kwa shida. Aliposikia kuna nyoka wa mtoni wametiwa kwenye maji yake, na kwamba aliyewatia ni mume wa binti yake, alikaa chini.

Hapa lazima nieleze nthoni, la sivyo hutaelewa taabu yangu. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na mwingine anajifunika uso kwa leso. Hawatajani majina. Hawaketi pamoja, hawaongei ana kwa ana, na zaidi ya yote, hawaonani wakila. Tulikuwa watu wa kanisa, mama ndiye aliyeanzisha nyimbo kila Jumapili, lakini jambo hilo wokovu haukuligusa. Mchungaji mwenyewe alikuwa akimkwepa mama mkwe wake.

Kwa hiyo walipogombana, waligombana kupitia kwangu. Boma letu na la mama yalitenganishwa na korongo moja, na mimi nililivuka mpaka visigino vikapasuka.

"Nthenya, mwambie huyo mtu wako atoe nyoka zake kwa maji yetu," mama alisema.

Nikavuka.

"Mwambie mama hizo si nyoka," Nzioka akajibu. "Na zinakula watoto wa mbu."

Nikavuka tena.

"Mwambie hatukumlilia juu ya mbu. Atoe."

Wakati mwingine walikuwa karibu sana, mmoja upande huu wa ua wa minyaa na mwingine upande ule, wanasikizana kabisa, na mimi katikati narudia maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia. Ukicheka katika hali hiyo unaitwa huna adabu. Nilikuwa nacheka nikifika kwenye korongo, peke yangu.

Kambare hawakutolewa, kwa sababu rahisi kwamba hakuna aliyeweza kuwashika. Walizama topeni, na akina mama waliochota maji kwa hasira walichoka kuwa na hasira. Ila mama hakuchoka. Alianza kuchuja maji yake kwa kitambaa mara mbili, na mimi binti yake nikipita na mtungi alinitazama kama niliyeolewa na mamba.

Nzioka alikuwa na sufuria yake ya samaki, aliyopikia nyuma ya jiko kwenye mawe yake mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyopatana. Lakini nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, harufu ile ilinivuta kama kamba. Nilikula, nikasingizia mimba. Mtoto akazaliwa, nikaendelea kula, na kisingizio kikaisha. Nyama ya kambare ni nene na laini, na mchuzi wake unashika ugali vizuri. Sufuria mbili zikawa moja. Watoto wetu walikua wakila samaki bila kujua kwamba ni ajabu, na shuleni wakaitwa wana wa Nzioka wa Kambare, jina ambalo baba yao alilipenda kuliko lake la kubatizwa.

Mama alipogundua kwamba sufuria zangu zimechanganyika, aliacha kula chochote nilichopika. Nikimpelekea maharagwe, aliuliza yalipikwa katika sufuria gani. Nikimpelekea uji, aliunusa. Ilikuwa kama mchezo kati yetu, mchezo wenye ukali kidogo, na mradi mvua ilinyesha na ghala lake lilikuwa na mtama, haukumdhuru mtu.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne.

Wakamba huzipa njaa majina. Ile tuliiita Nikwa Ngwete, nafa nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na pesa mkononi na madukani hakukuwa na kitu cha kununua. Kaka zangu walioko Mombasa walimtumia mama pesa, naye alizifunga kwenye pindo la leso, zikakaa humo kama mawe. Mbuzi walikufa wakiwa wamesimama, mmoja mmoja, wakaegemea miti. Mahindi ya msaada, yale ya manjano, yalikuja mara chache, na mama alipopata fungu lake aliwapa watoto wa Muthoki, jirani yake, nusu na zaidi. Nilimgombeza. Aliniambia yeye amekula vya kutosha tangu azaliwe, wale hawajakula.

Nyumbani kwangu hatukushiba, lakini tulikula. Silanga ilikuwa imekauka ikabaki tope jeusi lililopasuka juu, na chini ya tope hilo kambare wa Nzioka walikuwa hai, wamejikunja, wanangoja mvua. Alikuwa akienda na jembe alfajiri, anasikiliza ardhi, anachimba. Wengi aliowachimbua walikuwa na sura za kusikitisha, vichwa vikubwa na miili miembamba, lakini walikuwa nyama. Baadhi ya majirani wakaanza kuja kimya kimya kuomba kipande. Wengine wakaja mchana.

Mama hakuja. Nilimpelekea samaki aliyekaushwa, akampa mbwa mbele ya macho yangu, na mbwa, ambaye hakuwa na nthoni, alikula. Nikampelekea mahindi makavu ili apike mwenyewe. Akala kidogo na mengine yakaenda kwa Muthoki. Miguu yake ilivimba. Uso wake ukawa mdogo. Siku moja nilimkuta anajaribu kusimama kwa kushika mlango, mlango ukamshinda, akaketi akajifanya ndivyo alivyotaka. Nilirudi nyumbani nikamwambia Nzioka mama yangu atakufa kabla ya mvua, na atakufa kwa ajili ya sufuria. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, nimeikasirikia mvua, nimemkasirikia hata Nzioka kwa kulileta lile debe.

Nzioka alinisikiliza. Kesho yake, jua likiwa juu, alirudi kutoka silanga na kambare mmoja mkubwa, mkubwa kuliko wote wa mwaka ule. Alimwosha, akachukua kigoda chake, kisu na kifuniko cha sufuria.

"Leo nitapeleka mimi mwenyewe," alisema.

"Utapeleka wapi?"

"Kwa mama."

Nilidhani jua limempiga. Nikamfuata korongoni nikimsihi. Nilimwambia ataleta laana kwa watoto wetu, kwa maana ndivyo tulivyofundishwa, kwamba mkwe akivunja nthoni wanaoumia ni watoto mpaka mbuzi achinjwe kuifunika aibu, na mbuzi hakukuwa hata mmoja kijiji kizima. Aliendelea kutembea. Alipofika kwenye ua wa minyaa, mahali ambapo siku zote aligeuka, hakugeuka.

Mama alikuwa ameketi juu ya gunia kando ya ghala lake tupu. Alipomwona anaingia, alijivutia leso akafunika kichwa chote. Nzioka akaweka kigoda mbele yake, hatua chache tu, akawasha moto kati ya mawe ya mama mwenyewe, akambanika samaki. Mafuta yalianza kudondoka. Muthoki alikuwa akipita njiani na debe tupu. Alisimama, akaliweka debe chini, akageuka akarudi alikotoka bila debe.

Samaki alipoiva, Nzioka alikata kipande, akakiweka kwenye kifuniko, akala. Alikula akimtazama mama mkwe wake. Kipande kimoja kilimponyoka, akakiokota, akakipuliza mavumbi, akala.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kumfikia bila kupitia kwangu. "Ni mimi Nzioka. Nimekuja kula kwako."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ghala. Aibu ile ilikuwa nzito mno. Ukitaka kuielewa, mfikirie mtu mzima, anayejiheshimu, anavua nguo sokoni kwa hiari yake. Na Nzioka aliendelea kutafuna, machozi yanaingia kwenye chakula.

Leso haikusogea kwa muda mrefu. Kisha sauti ikatoka ndani yake, nyembamba.

"Kula polepole. Usikwamwe na mfupa."

Nzioka akaacha kutafuna. "Haina mifupa mingi, Mama. Hii ni nyama tu."

"Na hizo ndevu, unakula?"

"Hapana. Hizo natupa."

Niliona vidole vya mama vikishika pindo la leso, vikiliachilia, vikilishika.

"Umefanya makosa kubwa sana," alisema.

"Najua, Mama."

"Ukikula peke yako, ni wewe umekosa. Tukikula wawili, hakuna mwenye atamsema mwenzake." Akaishusha leso mabegani. Uso wake ulikuwa mifupa na macho. "Leta."

Alitafuna kipande cha kwanza muda mrefu, amekunja uso kama anayemeza dawa ya hospitali. Sote wawili tulikuwa tunamtazama mdomo. Alipomeza, alimgeukia Nzioka.

"Haina chumvi."

Nilikimbia kuleta chumvi. Sijawahi kukimbia hivyo tangu siku hiyo, na nikiwa katikati ya korongo nilikaa chini nikacheka na kulia mpaka nikasahau nilichotumwa.

Tangu siku ile Nzioka alienda kwake kila adhuhuri. Mwanzoni mama alikula vipande vidogo, kisha mchuzi, kisha mchuzi na kichwa. Uvimbe wa miguu ulishuka. Mvua ya mwisho wa mwaka ilipokuja, ikajaza silanga usiku mmoja, mama alitembea kwa fimbo mpaka ukingoni akasimama kutazama maji. Kambare waliosalia walikuwa wametoka topeni. Wanawake wa mwethya walikuwapo, na kuna mmoja aliyesema labda sasa nyoka wale watolewe kabla hawajazaana. Mama alimwuliza yeye alikuwa amekula nini mwezi wa nane.

Lakini nthoni ilikuwa imevunjwa, na kijiji hakikusahau. Mzee Kiilu, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuja akasema lazima mbuzi achinjwe kufunika lile jambo, ila kwa kuwa hakuna mbuzi, litangoja. Likangoja. Na lilipokuwa linangoja, kulikuwa na mwanya. Kilichovunjika kilikuwa kimeshavunjika, hivyo Nzioka na mama waliendelea kuongea. Waliongea! Yule mume wangu asiyekuwa na maneno alimweleza mama habari za reli, jinsi chuma kinavyolia treni ikiwa bado mbali. Mama naye alimsimulia mambo ya usichana wake ambayo mimi, niliyetoka tumboni mwake, sijawahi kuyasikia. Nikifika walikuwa wananyamaza, kisha wanaangaliana, kisha wanacheka. Nilimwambia Nzioka kwamba ikiwa sasa amekuwa mtoto wa mama, basi mimi nimeolewa na ndugu yangu, na nitaenda kumshtaki kanisani. Nilikuwa natania, lakini wivu ulikuwapo pia, wivu wa kweli kabisa.

Mbuzi walirudi polepole, kama wanavyorudi kila mara. Mwaka wa themanini na saba Nzioka alikuwa na kundi dogo, na Mzee Kiilu akatuma neno kwamba wakati umefika. Nzioka alimchagua beberu mwekundu, mnene, asiye na kasoro. Alinyoa ndevu, akavaa koti. Tulipofika kwa mama, wazee walikuwa wameketi tayari, na Nzioka akasimama nje ya ua wa minyaa na kamba ya mbuzi mkononi, uso ameugeuza kando, kama mkwe anavyotakiwa.

Mama alimtazama yule mbuzi. Kisha akamwuliza Mzee Kiilu, "Tukishamkula, itakuwaje?"

"Itakuwa vile ilikuwa," Kiilu akasema kwa furaha. "Yeye na njia yake, wewe na njia yako. Heshima imerudi."

"Hatutaongea?"

"Mtaongea namna gani, na yeye ni mkwe?"

Niliona mama anatazama ule ukuta wa minyaa na koti la Nzioka lililoonekana kidogo kwa juu. Nilidhani anatafuta maneno ya kuwashukuru wazee.

"Basi mbuzi simtaki," alisema.

Wazee wakaguna. Kiilu akasogeza kigoda chake. "Shemeji, hiyo ni aibu itabaki wazi mpaka ufe."

"Ibaki. Ni hiyo aibu imenifanya niko hapa nakuona." Sauti yake haikuwa kali, ilikuwa inaomba, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akiomba kitu. "Watoto wangu wako Mombasa. Huyu Nthenya anakuja na haraka zake, anaweka mtungi, anaenda. Huyo hapo nje ndiye anaketi. Nikikula hiyo mbuzi leo, kesho akiniona ataingia kichakani. Sasa mimi nitaongea na nani, Kiilu?"

Mama akainua shingo kuelekea kwenye ua, akaita kwa sauti ambayo nyumba zote za ukingo ule ziliisikia.

"Nzioka! Achilia hiyo mbuzi, ingia uketi."

Mume wangu alisimama pale muda, mtu mzima amevaa koti, analia mbele ya wazee bila kujifuta. Kisha akainama, akafungua kamba shingoni mwa mbuzi. Mbuzi akaenda zake kula majani, na Nzioka akaingia.